Mbao Zinatoka Kwetu, Mafundi wa Kupaua Nao Watoke Kwetu

Hotuba ya Kamati ya Fedha katika hafla ya harambee ya mwaka



Tunasimama hapa kwa niaba ya Kamati ya Fedha. Kwa kawaida kamati hii hupewa dakika kumi za kusoma mapato na matumizi huku watu wakisikilizia harufu ya pilau. Mwaka huu taarifa hiyo imechapwa kwenye kurasa za mwisho za kijarida hiki, imekaguliwa, na kila mwanachama anaweza kuisoma kwa nafasi yake na kutuuliza. Muda wetu wa leo tumeuomba kwa jambo moja. Tunapendekeza kwamba sehemu ya fedha tutakazochanga leo itumike kuwafundisha vijana wetu kupaua. Hatuzungumzii kupigilia bati peke yake. Tunazungumzia kupaua paa lenye kona na mabonde, kuanzia hesabu ya kwanza hadi msumari wa mwisho.

Pendekezo hili limeleta mabishano, na ni vizuri mjue. Mzee wetu mmoja alituuliza kwenye kikao: "Wanangu, kuna maboma ya madarasa yanasubiri paa. Kwa nini tusinunue mbao na bati, tukatafuta fundi, tukamaliza?" Swali hilo ni la haki, na hatutaki kulikwepa. Tutalijibu kabla hatujaketi.

Mbao zinakwenda, fundi anakuja

Kila mtu hapa anajua kwetu ni nchi ya miti. Shamba la Sao Hill ndilo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa ya serikali nchini, na liko wilayani kwetu. Ukiacha hilo, karibu kila familia ina kipande chake cha paina au mikaratusi kilichopandwa na baba au babu. Ukisimama barabarani Mafinga, malori ya mbao yanapita mchana na usiku, mengine yanakuja huku Dar es Salaam, mengine yanakwenda Dodoma na mikoa ya mbali zaidi. Nyumba nyingi za nchi hii zimefunikwa na bati lililopigiliwa juu ya mbao zilizotoka kwetu.

Sasa angalieni upande wa pili. Mtu wa kwetu akitaka kujenga nyumba ya kisasa huko nyumbani, mara nyingi anamleta fundi wa kupaua kutoka mjini. Anamlipia nauli, anamtafutia pa kulala, anamlisha, na kazi ikiisha fundi anaondoka na ujira wake. Paa likianza kuvuja mwezi wa kwanza wa mvua, fundi yuko mbali na simu haipatikani.

Na tuseme ukweli, ndugu zetu. Wanaoagiza mafundi hao ni sisi tunaoishi mjini. Sisi ndio tunaokwenda nyumbani na ramani zenye kona nane, kibaraza chenye paa lake, na chumba kimoja kilichochomoza mbele kama kidevu. Vijana wa kijijini wakiiona ramani hiyo wanasema, "Hii hatuiwezi, leteni fundi wa mjini." Mikono wanayo, na wamepaua nyumba nyingi za mgongo wa tembo zenye pande mbili zinazoteremka. Wanachokosa ni hesabu ya kona, na hesabu hiyo hakuna aliyewakalisha chini akawaonyesha.

Sisi wahasibu tumefundishwa kuangalia mahali thamani inapoongezeka. Mwenye shamba analipwa mara moja mti unapoanguka, baada ya kusubiri miaka mingi. Mwenye mashine ya kupasulia analipwa mara moja ubao unapotoka. Fundi anayejua kona analipwa kila nyumba, na ujuzi wake haupungui kwa kutumika. Sehemu hiyo ya thamani tunawaachia wengine, ingawa mbao ni zetu na nyumba ni zetu.

Kwa nini paa lenye kona ni gumu

Ili muelewe fedha zenu zinakwenda wapi, mturuhusu tufanye hesabu kidogo. Tumeisomea kwa mafundi wawili wazee wa kwetu ambao wamekubali kufundisha, na tumeirudia kwa kalamu hadi ikakubali.

Chukueni nyumba yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 8. Nusu ya upana ni mita 4. Tuseme mgongo wa paa umeinuka mita 3 juu ya ukuta. Kombamoyo la kawaida, ile mbao inayopanda kutoka ukutani hadi kwenye mgongo, litakuwa na urefu wa mita 5. Wengi mnaikumbuka hesabu hiyo ya 3, 4, 5 kutoka darasani, na mafundi wa ujenzi huitumia kila siku kupata kona ya mraba. Kwa sasa tuache sehemu ya mbao inayochomoza nje ya ukuta.

Kama paa ni la mgongo wa tembo, kazi karibu imekwisha. Unakata kombamoyo moja vizuri, unalifanya kuwa kipimo, na mengine yote yanafuata hilo.

Lakini kama paa ni la pande nne, kuna mbao nne zinazopanda kutoka kwenye kona za nyumba. Kombamoyo la kona linakwenda mita 4 upande mmoja na mita 4 upande mwingine kwa wakati uleule, halafu linainuka mita 3 zilezile. Urefu wake ni mita 6 na sentimita 40. Kwa kuwa linatembea safari ndefu kufika kimo kilekile, limelala zaidi kuliko makombamoyo mengine. Fundi asiyejua hilo atalikata kwa pembe ya kombamoyo la kawaida, na likifika juu halitakaa. Ataanza kupachika vipande na kabari, na vipande hivyo ndivyo vinavyolegea baadaye.

Wanaotumia futi wana njia nyepesi ya kukumbuka. Pale kombamoyo la kawaida linapokwenda inchi 12 kwa usawa wa chini, la kona linakwenda karibu inchi 17. Ndiyo maana skwea kubwa ya chuma, yenye mkono mmoja wa inchi 24 na mwingine wa inchi 16, ni chombo cha kwanza kwenye orodha yetu ya manunuzi. Fundi anashika 12 au 17 kwenye mkono mmoja na mwinuko kwenye mkono wa pili, anachora mstari, na pembe ya kukatia imepatikana bila kubahatisha.

Bado kuna makombamoyo mafupi yanayotoka ukutani na kuishia kwenye lile la kona. Kwenye nyumba yetu ya mfano, tukiyapanga kila baada ya sentimita 80, urefu wake ni mita 4, mita 3, mita 2 na mita 1. Kila moja linapungua kwa kiasi kilekile kama ngazi. Akijua kiasi hicho, fundi anaweza kukata yote akiwa chini kabla hajapanda. Kwa nyumba nzima yapo 32. Na hapa kuna mtego: 16 yanaegemea kushoto na 16 yanaegemea kulia. Ncha zake zinakatwa kwa mshazari unaotazamana. Fundi aliyekata yote 32 kwa mshazari mmoja ameharibu nusu ya mbao, na mbao hizo ni za mtu.

Hapo bado hatujafika kwenye bonde, yaani pale mapaa mawili yanapokutana kwenye kona ya ndani ya nyumba yenye umbo la L. Bonde linabeba maji ya mapaa mawili, na mteremko wake ni mdogo kuliko wa mapaa yenyewe. Kwetu lina adui mwingine: sindano za paina. Zikijaa kwenye bonde maji yanasimama, yanapanda chini ya bati, yanaingia ndani. Bonde linataka bati bapa pana lililokunjwa kama mfereji, lililolazwa juu ya mbao zilizonyooka, na bati za pande zote mbili zikatwe ziache njia ya maji katikati. Dari nyingi zenye madoa ya kahawia tunazoziona nyumbani ukizifuatilia zinakupeleka kwenye bonde lililopauliwa kwa kukisia.

Kuna jambo moja limewashangaza wengi tulipolieleza. Kwa mwinuko uleule, paa la pande nne na paa la mgongo wa tembo lina eneo lilelile. Nyumba yetu ya mita 12 kwa 8 ina eneo la mita za mraba 96, na paa lake, la aina yoyote kati ya hizo mbili, ni mita za mraba 120, tukiacha sehemu inayochomoza nje ya ukuta. Gharama ya ziada ya paa la kona haitokani na ukubwa. Inatokana na bati na mbao zinazokatwa mshazari, na mabaki yake. Fundi anayepanga mapema atageuza kipande kilichobaki upande mmoja kikae upande wa pili pale aina ya bati inaporuhusu. Asiyepanga ataacha rundo la vipande chini, na mwenye nyumba atarudi dukani. Tofauti ya mafundi hao wawili ni fedha halisi ya mtu anayejenga kwa kujinyima.

Mafunzo yatakavyokwenda

Tumepanga kuanza na vijana 12 kutoka kata mbalimbali, na nafasi 4 kati ya hizo ni za mabinti. Hatuchukui mtu ambaye hajawahi kushika msumeno. Tunachukua wale ambao tayari wako kazini na fundi fulani, wanaojua kupigilia na kupima, wakakwama kwenye kona.

Hatua ya kwanza hakuna kupanda popote. Wanachora. Mafundi wetu wawili wanasisitiza kwamba paa linajengwa chini kwanza. Kila kijana atachora paa sakafuni kwa ukubwa halisi, kwa uzi na chaki, hadi aone mwenyewe kwa nini kombamoyo la kona ni refu zaidi. Njia hii ina heshima yake duniani. Maseremala wa Ufaransa wamechora mapaa sakafuni kwa karne nyingi, na mwaka 2009 shirika la UNESCO liliuingiza ujuzi wao huo kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Wenzetu walioona kuna thamani ya kuutunza ujuzi huo nao wanaishi na mbao kama sisi.

Hatua ya pili ni paa dogo la mfano. Ile nyumba ya mita 12 kwa 8 inakuwa sentimita 120 kwa 80, na kila kundi la vijana wanne litaijenga kwa fito hadi kipande cha mwisho. Fito ikikatwa vibaya hasara ni ndogo, na kosa linaonekana mezani badala ya kuonekana juu ya nyumba ya mtu.

Hatua ya tatu ni ukuta wenyewe. Maboma yetu mengi yanajengwa kwa nguvu za wananchi, na kona zake hazilingani kila mara. Kabla ya kukata ubao wowote kijana atapima ulalo wa jengo, kona hadi kona, mara mbili. Kwenye nyumba yetu ya mfano kila ulalo unatakiwa kuwa mita 14 na sentimita 42. Kama mmoja umezidi, nyumba imepinda, na makombamoyo mafupi hayatafuata ile ngazi nzuri tuliyoieleza. Fundi mzuri anarekebisha kasoro hiyo kwenye mbao inayolala juu ya ukuta, kabla haijapanda hadi kwenye mgongo.

Hatua ya nne ni mbao zenyewe. Mbao za kwetu huuzwa zaidi kwa urefu wa futi 12, ambazo ni kama mita 3 na sentimita 66. Kombamoyo la mita 5 lazima liungwe, na la kona la mita 6 na sentimita 40 vilevile. Mahali pa kuungia panachaguliwa, na panawekewa nguzo inayoteremsha uzito hadi kwenye ukuta wenye nguvu. Kuunga popote ubao ulipoishia ndiko kunakofanya paa lipinde mgongo kama punda mzee. Vijana watajifunza pia kukataa mbao mbichi, maana paina isiyokauka inajikunja ikiwa juu, na watajifunza kutambua mbao iliyotiwa dawa na isiyotiwa. Mchwa wa kwetu mnawafahamu.

Hatua ya tano ni kufunga paa na ukuta. Upepo hausukumi paa tu, unalinyanyua. Mkanda wa chuma uliojengewa ukutani na kupigiliwa kwenye mbao ni kitu kidogo kwenye bajeti, lakini ndio unaobaki umelishika paa usiku wa dhoruba.

Baada ya hapo ndipo wanapanda, wakiwa na jukwaa lililofungwa vizuri, kofia ngumu na mikanda ya usalama. Kati yetu hapa zipo familia zinazomuuguza au zilizomzika kijana aliyeanguka kutoka juu ya paa. Kwenye bajeti yetu vifaa vya usalama viko juu kabisa, na tumekubaliana kwamba fedha zikipungua, tutapunguza idadi ya vijana na hatutagusa vifaa hivyo.

Mwisho, tunataka vijana hawa wawe na karatasi mkononi. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, nje ya chuo, ambapo fundi anapimwa kwa vitendo na kupewa cheti akifaulu. Tutawasimamia wafike kwenye upimaji huo. Fundi mwenye cheti anaweza kuomba kazi kwa mkandarasi bila kupitia kwa mtu wa kati.

Majibu kwa mzee wetu

Sasa turudi kwa swali la mzee. Maboma yapo. Sote tunaujua mwendo wake: wananchi wanafyatua tofali, wanazichoma, wanasomba mawe na mchanga, wanapandisha ukuta hadi kwenye lenta, kisha nguvu zinaisha. Mvua zikianza kuelekea mwisho wa mwaka, ukuta usio na paa unanyonya maji hadi zikatike. Misimu miwili mitatu ya namna hiyo, na jasho la kijiji kizima linaanza kumomonyoka. Mzee ana haki ya kuwa na haraka.

Jibu letu ni kwamba mafunzo haya hayalipeleki boma nyuma ya foleni. Mbao na bati za boma moja la madarasa mawili na ofisi zimo ndani ya bajeti hii hii. Hilo ndilo litakuwa paa la kwanza la vijana, chini ya mafundi wetu wawili, na kazi itafanyika kipindi cha kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, ili mvua zikute watoto wako ndani. Litakuwa paa la mgongo wa tembo, kwa sababu darasa halihitaji mbwembwe. Kona na mabonde watayafanyia kazi kwenye jengo la pili, ambalo ni nyumba ya mwalimu yenye umbo la L.

Mkitaka kulinganisha, njia zote mbili zinaishia na boma lililofunikwa. Njia ya kuagiza fundi inaishia hapo, na mwaka ujao tutakutana tena tumlete tena. Njia ya mafunzo inaishia na boma lililofunikwa na vijana 12 walioshika kipimo. Inachukua wiki nyingi zaidi, hilo hatulifichi. Na mwaka huu inagharimu zaidi, jedwali linaonyesha. Mkiangalia miaka mitatu ya mbele, tunaamini hesabu inageuka, kwa sababu maboma hayajaisha na nyumba zetu wenyewe hazijaisha.

Swali la pili tuliloulizwa: je, vijana wakishajua si watakimbilia Dodoma na Dar es Salaam? Wengine watakwenda. Nasi tulikwenda, na ndiyo maana tuko kwenye ukumbi huu. Fundi anayefanya kazi Dodoma anatuma fedha nyumbani kama sisi tunavyotuma. Tulichofanya ni kuweka sharti moja ambalo kila kijana atalisaini mbele ya mzazi wake na mtendaji wa kijiji: kabla ya kupewa seti yake ya vifaa iwe mali yake, awe amemfundisha mwenzake mmoja hadi akaweza kuchora paa la pande nne sakafuni bila msaada.

Swali la tatu: je, wote 12 watafaulu? Hatuwezi kuahidi hivyo. Mafundi wetu wametuambia wazi kwamba kona haishikiki kwa paa moja. Kijana anahitaji mapaa kadhaa kabla ya kuachiwa peke yake, na mwaka wa kwanza wengi watakuwa wasaidizi. Tukipata mafundi sita wa kutegemewa, wilaya yetu itakuwa imepata kitu ambacho leo tunakiagiza.

Tunachowaomba

Tunaomba mambo mawili, na la pili ni zito kuliko la kwanza.

La kwanza ni fedha. Kwenye ukurasa wa bajeti mtaona kila kitu kwa kipande chake: skwea, misumeno, timazi, pima maji, tepu, nyundo, mikanda na kofia za usalama, mbao za mazoezi, chakula cha vijana, posho ya mafundi wawili, na ada ya upimaji. Tumeipanga hivyo kwa makusudi. Asiyeweza kumlipia kijana mmoja mafunzo yote anaweza kununua skwea moja. Familia tatu zinaweza kuungana zikalipia kundi moja la vijana wanne. Akina mama wa kikundi cha kufa na kuzikana wameshatuahidi chakula cha wiki mbili, na tunawashukuru kwa dhati.

Kila shilingi itapitia akaunti ya chama kwa saini tatu. Hakuna kifaa kitakachonunuliwa bila bei za maduka matatu. Vifaa vitaandikwa kwenye daftari kwa namba, na daftari litakaa ofisi ya kata ambako mwananchi yeyote anaweza kuliomba. Taarifa ya nusu ya kazi tutaituma kwenye kundi letu la simu, pamoja na picha za paa, na ile ya mwisho itachapwa kwenye kijarida cha mwakani mkituweka hai.

La pili ni kazi. Fundi hakui kwa cheti, anakua kwa nyumba. Wengi wenu mna viwanja nyumbani na ramani zimekunjwa kwenye kabati. Kwenye meza ya mweka hazina kuna fomu ya pili, ya rangi ya kijani. Anayetarajia kupaua nyumba huko nyumbani ndani ya miaka miwili tunamwomba ajaze jina la kijiji na aina ya paa. Kundi letu litakuja kupima na kutoa makadirio, likiongozwa na fundi mzee ambaye atalisimamia paa hilo hadi mvua ya kwanza ilijaribu. Usiporidhika na makadirio hulazimiki. Lakini wape nafasi ya kupima kabla hujampigia fundi wa mjini.

Fomu hizo zikirudi tupu, tutakuwa tumewapa vijana ujuzi na kuwanyima mahali pa kuutumia. Wataweka skwea ukutani na kurudi kupakia malori. Mkituuliza sisi wa Kamati ya Fedha kipi kinatutia wasiwasi zaidi, ni fomu ya kijani kuliko bahasha.

Wazee wetu waliezeka kwa fito na nyasi, na jirani aliyejua kuanzia kwenye kilele aliitwa kwa heshima, akapewa ulanzi kabla ya kupanda na baada ya kushuka. Ujuzi ulikaa kijijini kwa sababu kazi ilikaa kijijini. Bati lilipokuja, kazi ikaanza kuwafuata wenye hesabu. Hesabu hiyo inafundishika. Tumeiona ikichorwa sakafuni kwa chaki mchana mmoja, na kijana wa darasa la saba akaisoma na kuwaeleza wenzake.

Fomu za ahadi ziko mezani, nyeupe kwa fedha, kijani kwa kazi. Mweka hazina na wasaidizi wake watapita kwenye kila meza, na stakabadhi zitatolewa hapo hapo.

 Mungu aibariki Mufindi, awabariki na ninyi nyote.